Toleo Gani?

Janga la korona lilipofika Pwani mwaka 2020, sampuli kutoka Mombasa, Kwale, Taita Taveta, Tana River, Lamu na Kilifi yenyewe zilipelekwa Kilifi mjini, kwenye maabara za mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, ulioanzishwa hapo 1989. Ndiko jenomu za virusi zilikosomwa, kila moja ikiwa na herufi zinazokaribia 30,000. Maabara zilisifiwa, na zilistahili. Ila kuna kazi nyingine ambayo utafiti wa aina hii hauwezi kwenda bila hiyo, na sifa zake ni haba: kazi ya mtu anayekaa mbele ya dirisha jeusi la kompyuta, akaandika amri fupi ya kusakinisha programu, kisha akasoma kwa makini kila mstari unaorudi.

Mashine ya kusoma jenomu haitoi jibu, hutoa vipande. Vipande hivyo hupangwa juu ya jenomu ya kielelezo kwa programu kama minimap2, aliyoiandika Heng Li, kisha programu ya pangolin, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, hutaja virusi ni vya ukoo gani. Kila programu inategemea maktaba nyingine, nazo zina zake. Hii inataka toleo la zamani la lugha ya Python, ile inalikataa. Mtu akizisakinisha moja moja kwa mkono atakesha, na huenda asubuhi asiwe na kitu.

Hapo ndipo conda, programu ya kusakinisha programu nyingine, iliyoanza 2012, huonyesha uzuri wake. Hukusanya masharti ya programu zote, ikayapima kwa pamoja, ikatafuta matoleo yanayoweza kukaa pamoja bila kugombana. Tatizo hilo, likichukuliwa kwa ujumla wake, liko katika kundi ambalo wanahisabati wa kompyuta hawajapata njia ya mkato ya kulitatua, na bado mwanafunzi hulitatua kwa amri moja. Njia ya kugawana programu kupitia maghala ya pamoja ilianza mapema: ghala la CPAN la lugha ya Perl lilifunguliwa 1995, na CRAN ya lugha ya R ikafuata Vienna 1997. Leo ghala la Bioconda lina maelfu ya programu za biolojia, zilizofungwa na kujaribiwa na watu wanaojitolea.

Lakini kusakinisha kila mtu anaweza. Fundi utamjua kwa swali lake la kwanza: toleo gani? Mwaka 2021 ukoo wa Delta, B.1.617.2, ulianza kugawanywa katika matawi yaliyopewa majina ya AY. Jenomu ileile, haijabadilika hata herufi moja, ikipitishwa kwenye pangolin ya mapema mwaka ule ilipata jina moja, na ikipitishwa baada ya miezi kadhaa ikapata jingine. Jedwali la Kilifi likiwekwa kando ya jedwali la Kampala bila matoleo kuandikwa, tofauti inayoonekana inaweza kuwa ya programu tu, wala si ya virusi. Kwa hiyo namba ya toleo ni sehemu ya matokeo yenyewe. Asiyeiandika ametoa nusu ya ushahidi.

Fundi mzuri huipa kila kazi mazingira yake, hamwagi kila kitu mahali pamoja. Huhifadhi faili linalotaja kila maktaba na toleo lake, mithili ya daftari la michango ya harusi, ambamo jina la aliyetoa kidogo limeandikwa kwa wino uleule wa aliyetoa kingi. Wala hagandi. Pangolin isiyosasishwa haizijui koo mpya, na maktaba iliyoachwa miaka inaweza kubaki na tundu la usalama. Kujua lini ushike na lini uachilie hakufundishwi na amri yoyote. Kwangu mimi, hapo ndipo ustadi wote ulipo.

Kwa wanaojifunza Kilifi na Malindi kwa bando la simu, ustadi huu una faida nyingine. Mazingira ya conda yanaweza kula gigabaiti kadhaa. Hata hivyo conda huweka vifurushi ilivyopakua katika ghala moja ndani ya kompyuta, na mazingira mapya yanayohitaji matoleo yaleyale huunganishwa nayo pasipo kupakua tena. Anayepanga matoleo yake vizuri hulipia bando mara moja. Nimependa sana kwamba uangalifu wa kisayansi na uangalifu wa mfuko hapa vimekutana.

Tena Wakenya si wachukuaji tu katika maghala haya ya programu. Shelmith Kariuki aliyachukua majedwali ya sensa ya 2019, yaliyokuwa yamechapishwa katika vitabu vya PDF visivyokubali hesabu, akayageuza kuwa kifurushi cha R kiitwacho rKenyaCensus. Hiyo ilikuwa kazi ya subira, ya kupitia jedwali baada ya jedwali ili wengine wasilazimike kuirudia. Mwalimu wa Kaloleni au mwandishi wa habari wa Malindi hukisakinisha, akaita jedwali analolitaka, na watu 1,453,787 wa Kaunti ya Kilifi wakawa mbele yake, tayari kugawanywa kwa jinsia, kwa maji wanayokunywa na kwa mapaa ya nyumba zao.