Mamba Aliyeitwa Muuaji

Filamu ya Primeval, aliyoiongoza Michael Katleman, ilitoka Marekani Januari 2007. Matangazo yake yaliahidi kisa cha muuaji aliyewapita wauaji wote kwa wingi wa watu aliowamaliza, yakaficha kwamba muuaji huyo ni mamba. Mtazamaji alilipia kiingilio akingojea mtu mwenye kisu, akaletewa magamba.

Mamba mwenyewe si wa kubuni. Mfaransa Patrice Faye, mkazi wa Burundi, ndiye aliyempa jina la Gustave, akamtegea tundu kubwa la chuma asimpate. Alijulikana katika mto Ruzizi na fukwe za kaskazini za Ziwa Tanganyika, maji yale yale yanayofika Kigoma na Ujiji. Hukisiwa kuwa na urefu wa mita 6. Husemwa pia kwamba amekula watu 300, hesabu isiyo na ushahidi.

Hapa ndipo neno linaponikera. Kiswahili chetu husema fulani kaliwa na mamba, mara chache kauawa. Kula ni njaa. Kuua, kwa maana ya muuaji, kunataka nia, na mwenye nia hushitakiwa. Ukimwita mamba muuaji umekwishampata mshitakiwa, na wengine wanakwenda zao.

Na wengine walikuwapo. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, vita vikafuata, na maiti zikatupwa mtoni. Wapo wanaosema ndiko mamba walikozoea nyama ya binadamu. Filamu inalijua hilo: ina mbabe wa vita anayeitwa Gustave Mdogo, na hicho ndicho kitu pekee nilichokipenda, ingawa ukubwa na udogo umegeuzwa. Lakini waandishi wa habari wa Marekani wanatumwa huko pale tu mtaalamu wa Kizungu anapoliwa kando ya kaburi la halaiki. Waliomo kaburini hawakutosha kumpandisha mtu ndege. Hata ziwa lenyewe halimo. Picha zilipigwa Afrika Kusini.

Kigoma iliijua vita hiyo kwa waliovuka. Fujo ziliporudi Burundi mwaka 2015, meli ya Liemba ilikuwa ikiwachukua wakimbizi Kagunga na kuwashusha Kigoma, safari baada ya safari. Utenzi wa watu hao bado nausubiri, na ningependa uandikwe na mtu wa Ujiji.