Jina la Benjamin Cole Halikupaswa Kukatwa

Sehemu ya mwigizaji Ben Affleck katika msimu wa pili wa Finding Your Roots, kipindi cha nasaba za watu mashuhuri, ilirushwa na PBS, televisheni ya umma ya Marekani, tarehe 14 Oktoba 2014. Utafiti wake ulikuwa mzuri. Babu aliyepigana katika Vita vya Mapinduzi vya Marekani alipatikana, mwingine aliyeshughulika na kuwasiliana na roho za wafu akapewa nafasi, na mama yake Affleck akaelezwa kwa heshima kwa ushiriki wake katika harakati za haki za raia za miaka ya 1960. Kilichoharibu kazi ni uhariri. Watafiti walikuwa wamekwisha kumpata Benjamin Cole wa Savannah, jimbo la Georgia, babu wa Affleck wa vizazi vitano nyuma, ambaye alimiliki watumwa. Aliandikwa kwenye mswada, kisha akaondolewa. Aliyekaa mbele ya televisheni usiku ule aliona ukoo wa wapigania uhuru watupu, tena katika sehemu iliyobeba uhuru kwenye jina lake.

Uamuzi wenyewe unastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Julai 2014 Henry Louis Gates, profesa wa Harvard na mtangazaji wa kipindi, alimwandikia barua pepe Michael Lynton, mkuu wa kampuni ya filamu ya Sony. Alimweleza kwamba nyota mmoja mkubwa ameomba habari ya babu yake mwenye watumwa iondolewe, na kwamba hakuna mgeni aliyewahi kuomba jambo kama hilo. Lynton alimjibu kwamba kama hakuna mwingine anayejua, angeiondoa. Ila aliongeza kwamba mambo yangekuwa magumu iwapo ingejulikana kwamba kipindi kinahaririwa kwa sababu za namna hiyo. Mazungumzo hayo yalifahamika Aprili 2015, pale WikiLeaks ilipoweka hadharani barua pepe zilizoibwa Sony.

Kosa la kwanza ni la mtu wa kuulizwa. Lynton hakuwa na dhamana yoyote juu ya kipindi. Wenye dhamana walikuwa PBS na kituo cha WNET cha New York, na hao hawakuambiwa lolote. Barua za Gates zinaonyesha wazi kwamba alijua kukubali ombi hilo ni kuvunja kanuni za PBS, na kwamba kungelichafua jina la kipindi. Mtu aliyekwisha kulitambua kosa, akalieleza vizuri kwa maandishi, bado aliliacha litendeke. Hapo hapana tatizo la ujuzi. Ujuzi ulikuwepo wote.

Baadaye Gates alijitetea kwamba uamuzi ulikuwa wake, na kwamba alichagua mambo yaliyovutia zaidi katika nasaba ya Affleck. Affleck mwenyewe alikiri kwamba aliona aibu na kwamba aliomba, kisha akasema anajuta. Utetezi wa mvuto hausimami ukipimwa kwa msimu uleule. Mwanahabari Anderson Cooper aliambiwa kwamba mmoja wa mababu zake aliuawa kwa jembe na mtumwa wake, akalipokea mbele ya kamera bila kumhurumia babu huyo. Ken Burns, mtengenezaji maarufu wa filamu za historia, alionyeshwa wamiliki wa watumwa katika ukoo wake. Mchezaji wa besiboli Derek Jeter alimkuta mchungaji mzungu wa Alabama aliyekuwa mmiliki, na papo hapo baba, wa mmoja wa mababu zake. Wote watatu walibaki hewani. Kama watumwa wa hao walivutia, wa Cole walipungukiwa nini?

Lakini hasara kubwa zaidi haikuwa ya Affleck wala ya watazamaji wake. Anayefuatilia nasaba za Wamarekani weusi anajua ukuta wa 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliokuwa wametoka utumwani. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliwekwa kwenye orodha za peke yao: jina la mmiliki, halafu mstari mmoja kwa kila mtu ukiwa na umri, jinsia na rangi. Jina la mtumwa, isipokuwa kwa nadra sana, halikuandikwa. Kuuvuka ukuta huo ni lazima kupitia kwa mmiliki. Mtafiti humchukua mtu wa sensa ya 1870, hutafuta wamiliki wa eneo lile, hulinganisha umri na mistari ya 1860, kisha huingia mahakamani kwenye wosia, hati za mauzo na orodha za mali za marehemu, ambako jina la kwanza la mtumwa hukaa kando ya bei yake. Kumbukumbu za Freedmen's Bureau, idara ya serikali iliyowahudumia walioachwa huru, na za benki ya Freedman's Savings, zilizofunguliwa 1865, wakati mwingine hutaja hata bwana wa zamani.

Kwa hiyo jina la mmiliki ni mlango wa familia nyingine nzima. Kama Benjamin Cole angetangazwa mbele ya taifa pamoja na mji wake, huenda mzao wa mtu fulani wa Savannah angejua aanzie faili lipi. Wahariri walilichukulia jina hilo kama mali ya Affleck peke yake, ya kutunzwa au kutupwa. Halikuwa lake peke yake.

Msimu huohuo haukukosa muda wa kuonyesha asilimia za DNA, jambo ambalo vipindi vya aina hii vinalipenda kupita kiasi. Asilimia hizo ni makadirio: sampuli ya mtu hulinganishwa na sampuli ambazo kampuni inazo, na kampuni ikiongeza sampuli, tarakimu hubadilika ingawa damu ni ileile. Orodha ya mali ya 1860 haibadiliki.

Gates wa zamani alikuwa shupavu zaidi. Katika kipindi cha African American Lives cha 2006 aliipima hadithi ya familia yake mwenyewe, iliyodai kwamba Samuel Brady ndiye baba wa watoto wa Jane Gates, mtumwa aliyezaliwa 1819. DNA ikaikanusha, naye akayatangaza matokeo hayo. BBC nayo ilipoanzisha Who Do You Think You Are? mwaka 2004, mgeni wake wa kwanza, Bill Oddie, alifuatilia ugonjwa wa akili wa mama yake na dada aliyefariki siku chache baada ya kuzaliwa. Maumivu hayo ndiyo yaliyokuwa kipindi. Na juu ya wote yuko mwandishi Edward Ball. Ukoo wake ulimiliki mashamba Carolina Kusini kuanzia 1698. Alizifungua karatasi za familia, akazitumia kuwatafuta wazao wa watu waliomilikiwa na wazee wake, akawaendea majumbani. Alimfuata Priscilla, msichana wa miaka 10 aliyeletwa kutoka Sierra Leone mwaka 1756, hadi kwa wazao wake walio hai. Kitabu chake, Slaves in the Family, kilipata tuzo ya kitaifa ya vitabu ya Marekani mwaka 1998.

PBS ilitoa hukumu yake Juni 2015: watayarishaji walishindwa kuukinga uhariri dhidi ya shinikizo, na walishindwa kutoa taarifa. Msimu wa tatu ukaahirishwa hadi Januari 2016, akatakiwa mhakiki wa ziada wa ukweli pamoja na mtaalamu huru wa nasaba, na sehemu ya Affleck ikaondolewa kwenye usambazaji. Hukumu ilikuwa sahihi. Dawa ilikuwa nusu. Hakuna sentensi iliyodaiwa kuwa ya uongo kuhusu Cole, maana hakuna sentensi juu yake iliyobaki. Na kuondoa sehemu nzima kulimficha mara ya pili. Mswada ulikuwepo, nyaraka zilikuwepo, mgeni alikuwa amekwisha kukiri. Kilichohitajika ni kurudi kwenye meza ya uhariri, kulirudisha jina lililokatwa pamoja na hati za Savannah, na kuirusha sehemu hiyo upya, saa ileile na kwenye vituo vilevile.