Vitabu vya Narnia: tuanze na kipi?

Vitabu saba vya Narnia vya C. S. Lewis vilitolewa toka 1950 mpaka 1956. Chapa ya Kifaransa ya Gallimard, ndiyo itufaayo sisi wa Butembo na Beni, inatanguliza kitabu cha 1955, kwa kuwa kinasimulia kuumbwa kwa Narnia. Lewis mwenyewe alikubali utaratibu huo katika barua ya 1957, bila kuukaza.

Lakini sisi twasema: tuanze na kile cha 1950. Humo simba Aslan anatajwa kama mgeni ambaye msomaji hajapata kumjua. Kisha anakufa kwa ajili ya mtoto msaliti, na kufufuka. Aliyekwisha kumpenda hivyo atafurahi kweli kumsikia akiimba na ulimwengu ukitokea. Ndivyo Kanisa linavyofanya usiku wa Pasaka: kwanza mshumaa unawashwa, ndipo Mwanzo inasomwa.