Shenzhen kwa Sekunde Chache: Tunaona Nini Hasa?

Fungua Timelapse ya Google Earth, tafuta Shenzhen, kusini mwa China, kisha iache icheze. Mwaka 1984 utaona kijani kingi na madoa ya kijivu karibu na mpaka wa Hong Kong. Hata chai yako haijapoa, kijivu kimetapakaa, vilima vimechongwa na bahari imefukiwa. Ni kazi nzuri, tena ya bure. Lakini karibu kila anayeitazama husema, "Kumbe viwanda vilijenga jiji pasipokuwa na kitu!" Hapo ndipo mimi na video hii tunapogombana.

Tuanze na mwanzo wenyewe. Shenzhen ilifanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, video inaanza 1984. Kwa nini 1984? Setilaiti za Landsat zilianza kupiga picha mwaka 1972, ila pikseli za wakati ule zilikuwa za takriban mita 80. Zile za mita 30 zilikuja na Landsat 4 na 5, mwaka 1982 na 1984. Yaani aliyechagua mwanzo wa hadithi ni kamera.

Na kile kijani je? Usidhani ni pori. Kulikuwa na mashamba ya mpunga, miti ya lichi, mabwawa ya samaki, na pwani iliyofugwa chaza. Wilaya nzima ilikuwa na watu kama laki 3. Juan Du, katika kitabu chake The Shenzhen Experiment cha mwaka 2020, anaipinga vikali hadithi ya "kijiji kidogo cha wavuvi". Video haisemi uongo huo, lakini inaupa nguvu, maana kwa macho yetu kijani ni sawa na patupu.

Sasa njoo kwenye kijivu. Pikseli moja ya mita 30 kwa 30 ni pungufu kidogo ya robo ekari. Ndani yake kiwanda, bweni la wafanyakazi na nyumba zilizobanana za vijiji vilivyomezwa na jiji vyote vinafanana. Hata ukiacha macho ukatumia hesabu, shida haiishi: vipimo vinavyolinganisha mionzi ya infraredi ili kutambua majengo huchanganya saruji na udongo mkavu ulio wazi. Kilima kilichosawazishwa jana kinaweza kuhesabiwa kuwa ni mji leo.

Tena picha hizi hazihesabu ghorofa. Jengo la Ping An, lenye urefu wa mita 599, kwa juu ni pikseli chache tu. Ardhi ikishajaa, kijivu kinapunguza mwendo na wewe unadhani jiji limetulia, wakati linapanda juu. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu zaidi ya milioni 17.

Na sababu? Video haina sababu. Viwanda vilichangia sana, hilo sibishi. Lakini Desemba 1987 Shenzhen ilipiga mnada haki ya kutumia ardhi, jambo jipya kabisa katika China ya wakati huo, na kuanzia hapo ardhi yenyewe ikawa biashara. Reli na ujirani na Hong Kong navyo vilikuwepo. Kiwanda na nyumba za kupangisha vyote huacha kijivu kilekile. Ukitaka kujua kipi kilivuta kipi, itabidi uketi na sensa, takwimu za ajira na kumbukumbu za ardhi, uzipange mwaka kwa mwaka kando ya picha.

Najua ukimaliza Shenzhen utakimbilia kwenu, uangalie Athi River au Kibaha. Angalia tu, utafurahi. Ila kabla hujamtumia mtu video na kumwambia "ona viwanda vilivyoleta mji", chagua doa moja la kijivu, umpigie simu mtu anayeishi hapo, umuulize palikuwa na nini zamani, na nani alihamia kwanza: kiwanda au wapangaji.