Ugomvi wa Mtandaoni na Mlango wa Mtu

Wako wanaosema ugomvi wa mtandaoni ni maneno tu, na anayeumia azime simu yake. Wengine hudai kwamba anayetukana kwa jina la bandia anastahili kufuatwa hadi anapoishi. Hoja zote mbili zina kasoro moja: zinawatazama wagomvi wawili na kumsahau mtu wa tatu.

Tarehe 28 Desemba 2017, wachezaji wawili wa mchezo wa Call of Duty nchini Marekani waligombana kwa sababu ya dola 1.50. Mmoja alimwomba mtu aliyekuwa Los Angeles ampelekee mwenzake polisi. Mwenzake naye, kwa kejeli, alitoa anwani ya nyumba ya Wichita, Kansas, ambayo hakuishi tena. Mtu huyo alipiga simu akajifanya ameua na kuteka watu. Polisi walifika, wakampiga risasi na kumuua kijana wa miaka 28 aliyetoka mlangoni. Hakuwa akicheza, wala hakujua kuna ugomvi. Mwaka 2019 aliyepiga simu alifungwa miaka 20.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunao mfano tofauti. Baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo na wanausasa walishambuliana vikali kuhusu vina na mizani. Hata hivyo, shairi lilijibiwa kwa shairi na makala kwa makala. Ukali wao umetuachia hoja tunazozisoma darasani hadi leo.

Atauliza mtu: je, anayetishiwa kuuawa, au anayesambaziwa picha za siri, anyamaze? La hasha. Huyo ana haki ya kwenda kushtaki. Lakini kushtaki ni kupeleka jambo mbele ya anayesikiliza pande zote mbili. Polisi wa Wichita hawakuitwa kusikiliza. Waliitwa kwa uongo ili wavamie. Vivyo hivyo, anayemwandikia mwajiri wa mpinzani wake ili afukuzwe kazi, au anayekusanya marafiki nje ya bweni lake, hatafuti haki. Ameshahukumu, anatafuta wa kumtekelezea adhabu.

Kwa hiyo, kabla ya kuutoa ugomvi kwenye simu, tujiulize: huko ninakoupeleka, mwenzangu atapata nafasi ya kujibu? Na nyuma ya mlango ule, wanaishi nani wengine?