Utafutaji kwa Neno na Utafutaji kwa Dhana katika Matini za Sheria za Ardhi: Tahakiki

Imekuwa desturi katika mijadala ya teknolojia ya lugha kuuchukulia utafutaji kwa dhana kuwa hatua inayoufuta utafutaji kwa neno. Kwa Kiswahili, hoja inayotangulizwa ni ya kimofolojia. Mtambo unaolinganisha herufi tu hauoni kwamba "kiwanja" na "viwanja" ni neno moja, wala kwamba "waliomilikishwa" na "umilikaji" yana mzizi mmoja. Hilo ni kweli, lakini ni tatizo la uchanganuzi wa maneno, na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikwisha kulishughulikia kwa kanuni za sarufi katika mfumo wa SALAMA, bila kuhitaji mtambo wa dhana.

Tofauti halisi iko kwenye maana. Utafutaji kwa dhana hugeuza kila kifungu kuwa safu ya namba, kisha huleta vifungu ambavyo namba zake zinakaribiana, hata kama havishiriki neno lolote. Anayeuliza kuhusu "kunyang'anywa shamba" anaweza kuletewa kifungu kinachosema "kutwaa ardhi". Kwa mwananchi asiyejua lugha ya wanasheria, faida hiyo si ndogo.

Kwa mshauri wa sera anayelinganisha sheria za nchi jirani, mambo ni mengine. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, ardhi yote ni ardhi ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Katika Katiba ya Kenya ya 2010, ardhi ya umma ni aina moja tu kati ya tatu, pamoja na ya jamii na ya kibinafsi. Anayetafuta kwa neno ataletewa zote mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Mtego wa dhana umetegwa upande wa pili. Ardhi ya kijiji ya Tanzania husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Ardhi ya jamii ya Kenya ni ya jamii inayotambuliwa kwa kabila, utamaduni au maslahi yanayofanana. Ni milki mbili tofauti kisheria, ila hutajwa katika miktadha ileile: malisho, mila, migogoro ya mipaka. Mtambo unaojifunza kwa muktadha una kila sababu ya kuzisogeza pamoja, na pendekezo la sera likajengwa juu ya haki isiyokuwapo. Kosa la neno, walau, huonekana kwa macho. La dhana huja limevaa sura ya jibu.

Ushahidi wa majaribio nao hauungi mkono shangwe iliyopo. Katika Mr. TyDi ya 2021, iliyohusisha lugha 11, Kiswahili kikiwamo, mtambo wa vekta uliofunzwa kwa Kiingereza ulizidiwa kwa jumla na BM25, kanuni ya zamani ya kupima uzito wa maneno. Matokeo yaliimarika mbinu hizo mbili zilipounganishwa. Tena vifungu vilivyopimwa vilitoka Wikipedia, na lugha ya gazeti la serikali ni kitu kingine kabisa.