Mfalme Anaposhika Kalamu: Tahakiki ya Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi

Wanafunzi wetu wanaposoma juu ya zama za Mwangaza huko Ulaya, hukutana na wafalme waliosifiwa kuwa wapenzi wa elimu. Jambo lisilojadiliwa sana ni lugha walizozichagua. Friedrich II wa Prussia aliandika vitabu vyake kwa Kifaransa, na mwaka 1780 alichapisha insha ya kukikosoa Kijerumani na fasihi yake, kwa Kifaransa hichohicho. Joseph II wa Austria naye aliamuru mwaka 1784 kwamba Kijerumani kiwe lugha ya utawala nchini Hungaria. Wahungaria walipinga, na mwaka 1790 amri hiyo ikafutwa.

Kwetu tunao mfano wa kulinganisha. Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, aliyewatawala Walunda wa bonde la Luapula, Zambia, kuanzia mwaka 1941 hadi 1950, alituachia kitabu cha historia ya ufalme wake, alichokiandaa kwa msaada wa padri mmisionari, Edouard Labrecque. Kilichapishwa mwaka 1951. Jina lake lina maana ya "Mababu Zangu na Watu Wangu", nacho kimeandikwa kwa Kibemba. Walunda walifika Luapula kutoka magharibi wakiwa watawala, lakini baada ya muda wao ndio waliochukua Kibemba. Lugha yao ya kale ikabaki hasa katika majigambo ya ikulu. Basi mvuvi wa Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru, aliweza kusomewa kitabu cha mfalme akakielewa. Katika hili Mwata amewapita Friedrich na Joseph.

Hata hivyo, lugha ya wengi si lazima iwe sauti ya wengi. Tutazame masimulizi ya Nachituti, ambayo ni moyo wa kitabu. Kabla ya Walunda, ziwa na ardhi vilikuwa mikononi mwa Washila, wavuvi waliotawaliwa na Nkuba. Nkuba alimwua mtoto wa dada yake, Nachituti. Mama huyo akaenda kwa Kazembe kuomba alipiziwe kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti akamkabidhi Kazembe ardhi na maji.

Kifani, kisa ni kizuri: kifupi, kikali, chenye mama anayelia. Kimaudhui, ni hati ya umiliki. Ushindi wa vita umegeuzwa kuwa zawadi, na anayetoa zawadi ni Mshila mwenyewe! Hapo ndipo tunapouelewa uzito wa kile kimilikishi katika jina la kitabu: Washila nao wamekuwa "watu wangu".

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka Habari za Wakilindi, iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyewatumikia watawala hao bila kuwa mmoja wao. Mtumishi huweza kutazama kutoka pembeni. Mfalme hutazama kutoka kitini.

Kitabu hiki hakistahili kutupwa kwa sababu hiyo. Kukiita "historia ya watu wa Luapula" na kuishia hapo ndilo kosa. Mwalimu akisimulie kisa cha Nachituti darasani, kisha awaombe wanafunzi wakisimulie upya kama mjukuu wa Nkuba. Watakaposhindwa kukubaliana kama ardhi ile ilitolewa au ilitwaliwa, somo la uhakiki litakuwa limeanza.